Nimealikwa kuwa baharia kwenye yoti ya matanga, Bodrum hadi Finike: nijiandae vipi?

Msukani_Nungwi

Assalaam aleikum ndugu zangu na wakubwa zangu.

Mimi ni kijana wa Nungwi, na kazi yangu ni kuendesha mashua za tanga zinazowatembeza wageni jioni mpaka jua linapokuchwa. Msimu wa wageni unapopungua huenda kuvua na ngalawa ya mjomba wangu. Wapo mume na mke, Wajerumani waliokwisha kustaafu, ambao kila wakija kijijini kwetu hupenda kusafiri nami, nao wana yoti yao wenyewe ya mlingoti mmoja, yenye urefu wa mita 13, ambayo huilaza Marmaris nchini Uturuki. Mwaka huu wamenialika nikawasaidie kuiendesha kutoka Bodrum hadi Finike, kuanzia mwanzo wa Septemba hadi katikati ya Oktoba, tukipita polepole katika miji ya kale ya pwani ile. Bwana ameanza kusumbuliwa na mabega, na hawezi tena kuvuta kamba wala kushughulika na nanga kama alivyozoea. Wameahidi kunilipia tiketi, chakula na kile walichokiita posho.

Nina masuali matatu. La kwanza, kazi yenyewe ikoje, na ujuzi wangu wa tanga la pembetatu na foromali, ule mti wa juu linapofungwa tanga, utanifaa kiasi gani katika chombo kama kile? La pili, ni karatasi zipi ninazohitaji zaidi ya pasipoti? Ninayo leseni ya hapa ya kuendesha chombo kidogo, lakini sina cheti chochote cha kimataifa. La tatu, wamesema kwamba huenda tukavuka siku moja moja kwenda visiwa vya Ugiriki vya Symi na Kastellorizo kwa ajili ya chakula cha mchana, kwa kuwa viko karibu sana na pwani ya Uturuki. Je, hilo lina tatizo kwa mwenye pasipoti ya Tanzania?

Mama yangu naye ana suali lake, ambalo nimeshindwa kumjibu: anataka kujua kama nakwenda kule kama baharia, kama mgeni au kama mtumishi.

MzeeWaMkoani

Wa aleikum salaam, mwanangu. Nilifanya kazi katika yoti za Bahari ya Kati kwa misimu kadhaa kabla ya kurudi Pemba, na pwani hiyo unayoitaja naifahamu. Suali la mama yako ndilo kubwa kuliko yote matatu, ila nitawaachia wanaojua sheria walijibu. Mimi nitazungumzia kazi.

Nianze na upepo. Sisi tumezoea upepo wenye miezi yake: kaskazi hushika, kisha kusi, na baina yao hupita tanga mbili, majira ya upepo usio na mwelekeo mmoja. Kule, katika majira ya joto, unaotawala ni meltemi, ambao Waturuki huuita meltem, nao hutoka kaskazini au kaskazini-magharibi huku mbingu zikiwa safi kabisa, bila ya wingu hata moja la kukuonya. Hupata nguvu baada ya adhuhuri na mara nyingi hulegea usiku, lakini pia unaweza kuvuma siku kadhaa mfululizo ukiwa na nguvu ya 5 au 6 katika kipimo cha Beaufort, na pengine ukazidi hapo. Kilele chake ni Julai na Agosti, kwa hiyo nyinyi mtaukuta unaanza kuchoka. Tena safari yenu inaelekea mashariki, na sehemu kubwa ya njia mtakuwa nao nyuma yenu. Anayetaabika ni yule anayerudi magharibi, ambaye hulazimika kubisha, yaani kwenda mshazari huku na huku dhidi ya upepo, siku nzima kwa masafa madogo. Oktoba inapoingia hesabu hubadilika. Upepo wa kusini uitwao lodos huanza kujitokeza, pamoja na radi na mvua za ghafla, na ghuba ambayo jana ilikukinga vizuri na upepo wa kaskazini huwa imeuachia mlango wazi upepo wa kusini. Ndiyo maana kila jioni, kabla ya kuamua mahali pa kulala, lazima muulizane upepo wa usiku utatoka wapi.

Kuhusu tanga, jicho lako la kusoma upepo halitapotea bure, kwani wako watu waliosomea mambo haya darasani ambao hawajui tanga linapolia njaa na linaposhiba. Lakini vifaa ni tofauti. Tanga letu huning'inia kwenye foromali, na chini yake hakuna kitu cha kukupiga. Tanga kuu la yoti limefungwa kwa chini kwenye boriti ndefu inayotoka mlingotini kuelekea nyuma. Mnapokwenda na upepo wa nyuma, kama mtakavyokwenda siku nyingi, upepo ukihamia upande wa pili bila ya kutarajiwa, boriti hiyo hufagia sitaha kwa kasi inayoweza kuua mtu. Muulize nahodha wako, siku ya kwanza kabisa, kamba ya kuizuia boriti hufungwa wapi, na usizoee kusimama wima mbele yake. Kamba nazo hazivutwi kwa mikono mitupu, bali huzungushwa kwenye winchi, daima kwa kufuata mwendo wa mshale wa saa, na vidole vikae mbali na pale kamba inapobana. Hayo utayashika upesi.

Kitakachokufanya uhitajiwe katika chombo kile ni nanga. Pwani ile ina kina kirefu karibu na nchi kavu, milima ikishuka moja kwa moja baharini, na bandari zake ni ndogo huku vyombo vikiwa vingi. Kwa hiyo hawalazi chombo kwa ubavu kwenye gati kama tunavyofanya bandari ya Malindi, Unguja. Huangusha nanga ya omo, yaani ya mbele ya chombo, mbali kidogo na gati, kisha chombo hurudi nyuma kwa injini mpaka shetri, yaani sehemu ya nyuma, ikaribie ukuta, na hapo kamba mbili hutupwa nchi kavu, moja kila upande, ndipo mnyororo wa nanga unakazwa ili chombo kisiguse gati. Anayeshika nanga husimama omo peke yake, na nahodha yuko nyuma kabisa wala hasikii neno kwa sababu ya injini na upepo. Kubalianeni ishara za mikono kabla, maana nimeona ndoa zikitikisika kwa sababu ya makelele ya kutia nanga mbele ya watu wanaokunywa kahawa gatini. Upepo wa ubavuni ukiwa mkali, chombo hukimbilia upande kabla hakijafika, na hapo ndipo mtu mwenye utulivu na kamba iliyokwisha kupangwa mkononi anapojulikana thamani yake. Asubuhi, usishangae mkikuta jirani ameweka mnyororo wake juu ya wenu. Hilo hutokea karibu kila bandari iliyojaa, na huondolewa kwa kuinua mnyororo wake hadi usawa wa maji, kupitisha kamba chini yake, kuushusha wenu na kisha kuuachia wake.

Katika ghuba zisizo na gati utaratibu unafanana na huo, ila kamba ya nyuma hufungwa kwenye mwamba au kwenye kigingi cha chuma, kama vile vilivyowekwa katika baadhi ya ghuba za Göcek, karibu na Fethiye. Miti ya misonobari iliyosogea hadi ufukweni inavutia, lakini kamba huichuna magome na kuiua, kwa hiyo iepuke. Anayeogelea na kamba hiyo kwenda nchi kavu utakuwa wewe. Vaa viatu vya mpira, kwa kuwa mawe yale ni makali. Mnyororo uuachie angalau mara nne ya kina cha maji, na zaidi ikiwa upepo ni mkali, kisha nahodha arudi nyuma kwa injini taratibu ili nanga izame, nawe uweke mguu au mkono juu ya mnyororo usikilize. Ukitetemeka na kuruka ruka, jua nanga inaburura.

Na jambo moja ambalo mtu wa Unguja au Pemba hulisahau ni maji kupwa na kujaa. Sisi wakati wa bamvua, yaani maji makubwa ya mwezi mpya na mwezi mpevu, bahari hupanda na kushuka kiasi cha mita nne, na maisha yetu yote ya vyombo yamepangwa juu ya hilo: tunakilaza chombo mchangani, tunakikwangua, tunasubiri maji yakichukue. Pwani ya Uturuki maji hupanda na kushuka kwa sentimita chache tu. Ukipanda mwamba, hakuna maji yatakayokuja kukuinua baada ya saa sita, na hakuna kupwa kutakakokuonyesha miamba ilipo. Ramani ya kina na jicho omo ndiyo tegemeo.

Kaskazini_B

Yote hayo ni maneno mazuri, lakini tuseme kweli: "posho" ni neno la mtu asiyetaka kutaja mshahara. Kijana wa watu ataosha sitaha, atafua mashuka na atarudi na fulana.

Foromali_Dar

Mimi ni Mzanzibari niliyesomea ubaharia katika Chuo cha Bahari Dar es Salaam, na sasa niko kwenye meli za mizigo. Ndugu yangu Kaskazini_B amesema kwa ukali, ila amegusa penye jipu. Mama yake Msukani ameuliza suali ambalo ofisa wa uhamiaji ataliuliza pia, na jibu lake ndilo litakaloamua viza, bima na haki zote.

Zipo hali tatu. Unaweza kuwa mgeni au rafiki, anayesafiri bure au anayechangia gharama na kusaidia kazi, bila ya malipo. Unaweza kuwa mwajiriwa wa mwenye yoti binafsi. Au unaweza kuwa mwajiriwa katika yoti ya biashara, yaani ile inayobeba abiria wanaolipa. Hali hii ya tatu iondoe kabisa akilini kwa Uturuki. Sheria yao ya kabotaji, iliyoanza kutumika tarehe 1 Julai 1926, inawahifadhia raia wa Uturuki usafirishaji wa abiria na mizigo baina ya bandari za nchi hiyo pamoja na kazi za ubaharia katika vyombo hivyo, na hadi leo tarehe hiyo huadhimishwa kama sikukuu ya mabaharia wao. Kwa hiyo jambo la kwanza kuwauliza wenyeji wako ni kama yoti hiyo ni ya binafsi kwa bendera ya kigeni, na kama katika safari hiyo atapanda mtu yeyote anayelipa. Akiwemo hata mmoja, usiende.

Ikiwa ni ya binafsi, bado kuna mpaka kati ya rafiki na mwajiriwa. Viza ya utalii haimruhusu mtu kufanya kazi ya malipo. Tiketi na chakula ni ukarimu, lakini fedha taslimu ya kila wiki huanza kufanana na mshahara, liitwe jina lolote lile. Ushauri wangu ni kwamba mwenye yoti aandike barua inayoeleza wazi uhusiano wenu, aina ya chombo, bendera yake, bandari mtakazopita na nani anayegharimia nini, kisha uende nayo kwenye Ubalozi wa Uturuki Dar es Salaam na uulize viza inayolingana na maelezo hayo. Usiombe viza kwa kusema jambo moja na kufanya jingine. Chombo cha kigeni kinachotembea katika pwani ile huwa na hati ya safari yenye orodha ya watu wote waliomo, na jina lako litakuwemo pamoja na cheo ulichopewa, kwa hiyo karatasi zako zote lazima ziseme neno moja.

Suali lako la tatu lina jibu fupi: ndiyo, lina tatizo. Symi na Kastellorizo ni Ugiriki, na Ugiriki imo katika eneo la Schengen, yaani nchi za Ulaya zinazotumia viza ya pamoja. Mjerumani anavuka kwa kuonyesha kitambulisho, ndiyo maana kwake ni chakula cha mchana tu. Wewe unahitaji viza ya Schengen hata kama utakaa saa mbili, na ukishatoka Uturuki unahitaji viza ya Uturuki inayoruhusu kuingia tena. Usikubali hoja ya kwamba utabaki ndani ya chombo gatini. Chombo kikishaingia bandari ya Ugiriki nawe umeingia. Ama mpate viza zote mbili mapema, ama siku hiyo wao wavuke na wewe ubaki upande wa Uturuki, kama pale mjini Kaş, unywe chai, na hilo liandikwe kabla ya safari ili lisije likawa ugomvi.

Kuhusu vyeti, yoti binafsi haikulazimishi kuwa na mafunzo ya msingi ya usalama chini ya STCW, mkataba wa kimataifa wa mwaka 1978 wa mafunzo na vyeti vya mabaharia, lakini kama unayo fedha na muda yachukue. Ni mambo manne: kujiokoa baharini, kuzima moto, huduma ya kwanza, na usalama na wajibu wa mtu chomboni. Hata mtu aliyezaliwa ufukweni hajui namna ya kupindua boti ya mpira ya kuokolea iliyofunguka juu chini, na Chuo cha Bahari wanafundisha hilo majini.

Sasa posho. Mkataba wa Kazi za Ubaharia wa mwaka 2006 unataka baharia apumzike si chini ya saa 10 katika kila saa 24 na saa 77 katika siku saba, arudishwe kwao kwa gharama ya mwajiri, na asitozwe ada ya kutafutiwa kazi. Tatizo ni kwamba mkataba huo unahusu vyombo vya biashara, na yoti ya kujifurahisha ya mtu binafsi haimo. Maana yake ni kwamba hakuna sheria itakayokulinda yenyewe, kwa hiyo mziandike nyinyi. Yachukueni maneno yale yale ya mapumziko na ya kurudishwa, ongezeni bima ya matibabu yenye jina lako, na tiketi ya kurudi iwe mkononi mwako, yenye tarehe inayoweza kubadilishwa. Pasipoti ikae kwako, isipokuwa saa ile nahodha anapoipeleka ofisini bandarini.

BintiMtambwe

Nimewahi kuwa mpishi katika yoti, ingawa si pwani hiyo, na naona wanaume wamezungumzia bahari na sheria wakasahau kwamba mtaishi watu watatu ndani ya chumba kimoja kirefu.

Kaka, uliza utalala wapi. Katika yoti ya mita 13 inayosafiri na watu watatu kuna nafasi ya kila mmoja kuwa na chumba chake, kwa hiyo usikubali kulala kwenye kiti cha mezani majuma yote hayo, kwa sababu mtu anayelala pale huwa wa mwisho kulala na wa kwanza kuamshwa. Maji baridi, yaani yasiyo ya chumvi, hubebwa kwenye tangi. Utajifunza kujisafisha baharini kwanza na kumalizia kwa maji machache, na hata udhu utauchukua kwa kikombe. Uchafu wa choo haumwagwi ghubani: katika mkoa wa Muğla, ambao unachukua Bodrum, Marmaris na Fethiye, kila chombo kina kadi ya buluu, Mavi Kart, inayoonyesha ni lini kilinyonywa uchafu wake bandarini, na wanakagua. Kwa kuwa wewe ni mdogo wao, kazi ya bomba hilo utapewa wewe. Huo si utumishi, ni sehemu ya ubaharia, na nahodha mwenye heshima naye hushika bomba.

Jikoni, sema mapema usichokila na usichokinywa, na uulize kama kuna sufuria utakayoitumia wewe tu. Nchi yenyewe ni ya Waislamu, kwa hiyo ukishuka sokoni chakula hakina shida. Kibla kule utakikuta upande wa kusini-mashariki, si kaskazini kama kwetu, na kwa kuwa chombo kilichotia nanga huzunguka na upepo, angalia dira kila unaposimama kusali.

Na suali la mama yako: utalijua jibu siku ya kwanza mezani. Wakikuwekea sahani pamoja nao, wewe ni baharia. Lakini usisubiri siku hiyo. Waulize sasa nani anapika, nani anaosha, na zamu zenu zitakuwaje.

Msukani_Nungwi

Nawashukuru sana nyote. Nimewaandikia jana usiku na wamejibu asubuhi. Yoti ni ya binafsi, bendera ni ya Ujerumani, na hapandi mtu mwingine yeyote. Kuhusu fedha, bibi amesema kwa uwazi kwamba hawakujua kuwa posho inaweza kuniletea matatizo ya viza, na wamekubali kuandika barua niipeleke ubalozini na kufuata watakavyoelekezwa, hata kama itabidi nihesabiwe rafiki tu. Safari za Ugiriki wamezifuta. Nitakuwa na chumba cha nyuma, na kupika ni kwa zamu.

Wameongeza jambo moja: bibi alikuwa mwalimu wa historia, na angependa niwe nashuka nao kwenye magofu badala ya kubaki nikilinda chombo. Mzee wangu, je, inafaa kuacha yoti peke yake kwenye nanga? Na mwenye kujua pwani ile kwa upande wa historia anieleze kidogo, nisije nikawa natazama mawe tu.

Mwana_Dimbani

Mimi huwatembeza wageni katika msikiti wetu wa Kizimkazi Dimbani, wenye maandishi ya mwaka 500 Hijria, yaani 1107 Miladia, na nimeitembelea pwani hiyo ya Uturuki kwa basi na kwa mashua.

Bodrum ndiyo Halicarnassus ya kale. Kaburi la mtawala Mausolus, aliyefariki mwaka 353 kabla ya Miladia, lilihesabiwa miongoni mwa maajabu saba ya dunia, na limebaki msingi tu, kwa sababu wapiganaji wa Mtakatifu Yohana, jeshi la watawa wa Kikristo, walichukua mawe yake kwa ngome yao pale bandarini, waliyoanza kuijenga mwanzoni mwa karne ya 15. Usiondoke Bodrum bila ya kuingia ngome hiyo. Ndani yake mna makumbusho ya vitu vilivyotolewa chini ya bahari, na chumba ambacho mtu wa Nungwi akiingia hatatoka haraka ni cha meli ya Uluburun. Meli hiyo ilizama karibu na Kaş mwishoni mwa karne ya 14 kabla ya Miladia. Mzamiaji wa sponji aliiona mwaka 1982, na watafiti wakaichimba kuanzia 1984 hadi 1994, katika kina cha zaidi ya mita 40. Ilibeba kiasi cha tani 10 za shaba na tani moja ya bati, madini mawili ambayo yakichanganywa hutoa shaba nyeusi (bronzi) ya kufulia silaha, na pamoja nayo mabonge ya kioo, pembe za ndovu, meno ya viboko na magogo ya mti mweusi. Wataalamu walipoyapima magogo hayo walikuta ni mpingo wetu huu, Dalbergia melanoxylon. Mti huo huota katika sehemu nyingi za Afrika, kwa hiyo hakuna anayeweza kudai kwamba ulitoka Mtwara, lakini ni mti wa Afrika uliokuwa safarini katika Bahari ya Kati zaidi ya miaka 3,000 iliyopita. Tazama pia jinsi mbao za meli ile zilivyounganishwa, kwa ndimi zilizoingizwa kwenye matundu na kukazwa kwa vijiti, kisha ulinganishe na mtepe wa wazee wetu ulioshonwa kwa kamba. Hakuna aliyetumia msumari.

Baada ya Bodrum mtafika Knidos, kwenye ncha ya rasi ya Datça, mahali ambapo mji mzima ulijengwa kwa ajili ya upepo. Ulikuwa na bandari mbili, ndogo upande wa kaskazini kwa meli za kivita na kubwa upande wa kusini, ambamo yoti hulala hadi leo, na langoni mabaki ya kuta za kale yamo ndani ya maji, kwa hiyo wewe uwe omo ukitazama chini. Meli zilizotoka mashariki zilikwama hapo zikisubiri meltemi itulie. Wakristo wana masimulizi ya safari ya Paulo kwenda Roma, kwamba alipandishwa meli ya Aleksandria pale Myra, mji wa kale ulio karibu na Finike, wakaenda polepole siku nyingi mpaka wakaifikia Knidos kwa shida, na upepo ukawakatalia kuendelea. Njia hiyo ni hiyo hiyo yenu, ila wao walikuwa wanakwenda kinyume, na utaona kwamba Mzee wa Mkoani hakutia chumvi.

Kaunos na Patara ni habari ya mchanga. Zote mbili zilikuwa bandari kubwa, na zote zimejazwa udongo na mchanga hata chombo hakiwezi tena kuingia. Kaunos mtaiendea kwa boti ndogo za mto wa Dalyan, mkipita chini ya makaburi yaliyochongwa juu kwenye jabali. Patara mtaiendea kwa gari kutoka Kalkan, na huko kuna mabaki ya mnara wa taa uliojengwa zama za Nero, mtawala wa Roma, mwaka 64 au 65 Miladia, ambao sasa umesimama mbali na maji uliokuwa ukiyamulika.

Kisiwa cha Kekova ni lazima. Matetemeko ya ardhi yalishusha sehemu ya mji wa pwani, na ngazi na kuta zinaonekana chini ya maji kisiwani. Hapo juu ya magofu hairuhusiwi kuogelea wala kutia nanga, na adhabu zipo, kwa hiyo pitieni polepole na mkalale Üçağız au mbele ya kijiji cha Kaleköy.

MzeeWaMkoani

Kuhusu kuacha chombo: katika bandari kilipofungwa nyuma gatini, shukeni wote bila ya wasiwasi. Kwenye nanga tupu, kama Knidos, ambako sehemu nyingine nanga haishiki vizuri, mtu mmoja abaki mpaka chombo kiwe kimetulia angalau saa moja, na mapema asubuhi ndio wakati wa kutembelea magofu, kabla upepo haujaamka. Chukua alama mbili nchi kavu zinazopangana, mwamba na nyumba kwa mfano, na uzitazame. Zikiachana, nanga inaburura.

Kuna kipande kimoja ambacho hakina historia ya kutazama, nacho kinahitaji heshima kuliko vyote: baina ya Fethiye na Kalkan mtapita Yedi Burun, yaani rasi saba, masafa marefu yasiyo na ghuba nzuri ya kujificha, yenye mawimbi yanayorudi kutoka majabalini. Ondokeni alfajiri mapema, na mkikuta upepo umekwisha kuvuma, rudini.

Kabla ya kuondoka Nungwi fanya mazoezi ya fundo la kitanzi kisichokaza mpaka uweze kulifunga kwa mkono mmoja nyuma ya mgongo, na ya kutupa kamba nzito ifike mita kumi bila ya kujifunga. Nunua glavu za ngozi, kisu cha kufungwa kiunoni na tochi ya kichwani. Bwana akikupa jaketi la kujiokolea, lipime hapo hapo gatini mbele yake, na mwambie akuonyeshe kwa mkono wake mahali pa kuzimia gesi ya jikoni, mahali pa kufungia matundu yote yanayoingiza maji chini ya chombo, na namna ya kusimamisha injini akiwa yeye ndiye aliyeanguka baharini.